Meno Yaliyovuka Mlima

"Mama hajatia kitu mdomoni tangu dunia iumbwe! Unanisikia? Tangu dunia iumbwe! Utakuja ukute gauni limetundikwa msumarini, ndani hamna mtu!"

Huyo ni mke wangu. Simu ameifungulia spika, ameishika mbele ya mdomo kama anayetaka kuila. Upande wa pili yuko mdogo wake, shemeji yangu, ambaye nilimpa jina la Magego siku ile ile alipotuambia amejifunza kutengeneza meno ya bandia. Jina likamganda kama gundi. Siku hizi hata wateja wake wanamwita hivyo, na kibao chake mlangoni kimeandikwa hivyo.

"Dada, hajala tangu dunia iumbwe na bado anapumua? Huyo si mama tena, ni jiwe."

"Nifanyie mzaha! Endelea tu! Mimi ndiye ninayemfulia, mimi ndiye ninayeona nguo zinavyomkimbia. Jana pete ya baba imemtoka kwenye beseni. Yenyewe! Bila sabuni!"

Mimi niliyekuwa chumba cha mbele, kwenye duka langu, napanga misumari, mkono ukasimama.

"Nakuja," akasema.

"Ulisema hivyo mwezi uliopita."

"Safari hii nakuja na meno."

Lazima nikueleze kuhusu mama mkwe wangu, la sivyo utadhani ni mzee yeyote tu. Yule mama aliishi kwa meno yake. Miaka thelathini aliuza vitambaa sokoni, na sikumwona na mkasi hata siku moja. Kitambaa alikitia mkato kwa jino, akakipasua kwa mkono, kikanyooka kuliko cha fundi. Soda alifungua kwa meno. Mbele alikuwa na mwanya, na wanaume waliokuja kununua shuka moja waliondoka na tatu. Siku nilipokwenda kuposa binti yake, alinitazama, akatafuna mfupa mpaka ukawa unga, kisha akaniuliza, "Ulisema unataka nini?" Nilisahau nilichojia.

Uzee ukaja, meno yakaaga moja moja kama wageni wa harusi. Magego ndiye aliyemtengenezea seti yake ya kwanza, juu na chini, na kwa kweli ndiyo kazi yake ya kwanza iliyovaliwa na binadamu. Akayavaa miaka mingi. Mpaka miezi minane iliyopita, alipopiga chafya akiwa chooni. Choo chetu ni cha shimo, na shimo lenyewe nililichimba mimi, sikufanya masihara na urefu. Ya juu yakaenda. Akainama kutazama yalikokwenda, akafungua mdomo kwa mshangao, na ya chini yakafuata.

Tulicheka. Mwenyewe alicheka kuliko sisi. Lakini tangu siku hiyo hajala tena mbele ya mtu. Bakuli linaingia chumbani kwake, mlango unafungwa, bakuli linatoka nusu. Uji, maziwa, uji. Muuguzi anayezungukia wazee wa mtaa wetu alimpima, akamvuta mke wangu pembeni, akamwambia mama huyu asipopata cha kutafuna, mvua hizi zinazokuja hatazimaliza.

Utasema, si mumpeleke hospitali akapimwe meno mengine? Hospitali ipo, nusu saa tu kwa gari, na daktari wa meno yupo. Tulimwambia. Akatujibu hivi: "Nimezaa fundi wa meno, nikafunguliwe mdomo na mtu baki? Watu watasema mwanangu hajui kazi." Mlango ukafungwa, na bakuli ndani.

Kwa hiyo tulikuwa tunamngoja Magego. Tulimngoja miezi minane. Na kuja kwetu hakuja kwa miaka mitatu.

Sasa, si kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu wa kesho. Karakana yake iko mjini, ng'ambo ya mlima, chumba kimoja chenye dirisha dogo, meza iliyojaa nta na vumbi jeupe, na rafu tatu za mataya ya plasta. Kila mteja aliyewahi kupita kwake ameacha nakala ya taya lake pale, imeandikwa jina kwa kalamu ya risasi. Ukiingia mara ya kwanza unadhani umeingia kwenye mkutano wa watu waliokatwa vichwa wakabaki wanacheka. Na kila mteja anayerudi akisema, fundi, nitengenezee mengine kwa kipimo kile kile cha zamani, Magego humpa hotuba. Naijua kwa moyo. "Fizi si ukuta. Fizi ni sabuni. Ukiwa na meno inakwisha taratibu, ukikaa bila meno inakwisha mbio. Kipimo cha zamani ni kipimo cha mtu mwingine. Kaa hapo, fungua mdomo."

Baada ya ile simu, Magego alikwenda kwenye rafu ya juu, akateremsha taya la mama yake. Lile pekee lisiloandikwa jina. Akalipuliza vumbi, akaanza kazi.

Siku tatu hakupokea mteja. Na aliyatengeneza, bwana, si utani. Hakuyafanya meupe kama ya tangazo la dawa ya mswaki, aliyatia umanjano kidogo, kama ya mtu aliyekunywa chai maisha yake yote. Ya mbele akayaachia mwanya. Upana ule ule. Akayafunga kwenye kitambaa kibichi, maana meno ya aina ile hayataki kukauka, yakikauka yanajikunja. Akayatia kwenye kopo la chakula, kopo akaliweka ndani ya koti, kifuani. Unga wa kupimia, ule unaokorogwa na maji na kutiwa mdomoni mpaka ugande, aliuacha mezani. Wa nini? Kazi imeisha.

Alikuja kwa pikipiki. Basi linalotufikia linazunguka mlima wote, siku mbili, na mgongo unabaki njiani. Barabara ya kukatisha juu ni nzuri mno kwa macho, lakini kuna mahali ukingo ulimeguka ukaenda na nusu ya lami, na tangu hapo hupita pikipiki na mbuzi tu. Magego ana pikipiki anayoiita Bibi Harusi, kwa sababu anaifuta kila asubuhi na haimtii. Akatoka alfajiri, peke yake.

Haya ya njiani alinisimulia mwenyewe kesho yake dukani, sauti ya chini, macho kwenye misumari. Anasema ile njia ni ya saa tano. Yeye aliifanya saa kumi.

"Ulipata pancha?"

"Sikupata."

"Bibi Harusi alisusa?"

"Hakususa shemeji. Siku hiyo alipanda kama mbuzi."

"Sasa?"

"Nilikuwa nasimama kutazama."

Alisimama kona ya kwanza kutazama bonde, mabati ya watu yakimetameta chini kama mtu amemwaga vijiko. Akasimama kwenye maporomoko, maji yanashuka juu ya jiwe jeusi mpaka barabarani, akalowesha kitambaa cha meno. Akasimama kwenye misonobari. Akasimama mahali ukungu unavuka barabara, akaungoja uvuke, kama anapisha mazishi. Kila mtu huona mlima kwa kazi yake. Yeye anasema vilele vile ni magego, na kimoja upande wa kushoto kimeoza, kinataka kung'olewa. Kila alipoona chemchemi alishuka, akafungua kopo, akalowesha kitambaa, akafunga. Meno yale yalinyweshwa maji kuliko ng'ombe.

Ndipo akafika juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, penye kibanda cha chai. Baridi ya kule inakufanya ushikilie kikombe hata kama hutaki chai. Muuza chai ni bibi kizee, kidevu kimepanda pua imeshuka, anachovya mkate kwenye kikombe chake na kuunyonya. Magego akamtazama kama fundi anavyotazama.

"Bibi, una muda gani bila meno?"

"Tangu mwaka juzi. Kwani vipi, unatafuta mke?"

"Nauliza tu, bibi."

"Wanaouliza tu ndio wanaorudi na mshenga. Hiyo nini unayoibembeleza kifuani?"

Akamfungulia kopo. Bibi akaweka mkate chini. Akapangusa mikono kwenye aproni.

"Lete nijaribu."

"Hapana bibi, hayatakutosha. Ni ya mama yangu. Kila mdomo na kipimo chake."

"Na mama yako umempima lini?"

Magego anasema alifungua mdomo kujibu. Akatazama meno. Akatazama kidevu cha yule bibi. Kipimo cha mama yake kilikuwa cha miaka mitatu nyuma, alipokuja mara ya mwisho akampima upya, na katika hiyo mitatu, miezi minane mama alikaa fizi tupu. Hotuba yake yote ikamrudia, neno kwa neno, na safari hii kwenye kiti cha mteja alikuwa amekaa yeye.

"Nilijua pale pale," akaniambia. "Shemeji, nilijua kabla chai haijapoa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaagiza chai nyingine."

Alikaa pale muda mrefu. Kurudi, unga wa kupimia uko mezani saa kadhaa chini. Kuja, anakuja na nini? Simu haishiki kule juu. Na alijua, kwa kuwa dada yake alimwambia jana yake, kwamba leo mama angeoga tangu asubuhi akakaa kibarazani kumngoja. Yule bibi akamwambia, "Kijana, kama huendi toa kikombe, wengine wanakitaka." Hapakuwa na mwingine pale, ni wao wawili na mlima. Akawasha Bibi Harusi, akateremka kwetu.

Sisi tulimwona alasiri, jua limeshaegemea. Akasimama getini. Hakuvua helmeti. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, na kile kiti, nikwambie ukweli, kilikuwa kimemzidi. Miguu haikugusa chini. Magego akasimama pale pale kama mtu aliyekosea nyumba.

"Vua hilo sufuria nikuone," mama akamwambia, mkono mbele ya mdomo.

Akavua. Akaja, akapiga magoti, akamshika mikono. Alimtazama kidevu, kisha akaangalia chini, na hakuinua tena macho mpaka mke wangu alipoleta maji ya kunywa.

"Yako wapi?" mama akauliza.

Sasa hapo, kama angekuwa mtu wa kusema, angesema. Kopo likatoka kifuani. Mama akalifungua mwenyewe, kitambaa mkunjo kwa mkunjo, akayainua kwenye mwanga, akayageuza, na kidole chake kikaenda moja kwa moja mbele.

"Ehee," akasema. "Mwanya wangu."

Akaingia nayo chumbani. Tukasikia maji, tukasikia kioo kinateremshwa ukutani. Alipotoka alikuwa amefumba mdomo kama mtu aliyebeba maji asiyotaka kuyamwaga. Akakaa. Akatutazama mmoja mmoja, mimi na binti yake na mwanawe.

"Yamenikaa," akasema, na meno yakasema tak-tak baada yake, kama mtu wa pili anayeitikia.

Mimi mdomo wangu una pepo. Nikasema, "Mama, sasa mko wawili humo ndani." Akacheka, maskini, akasahau. Ya juu yakadondoka mapajani.

Kuku alipita uani, tukamtazama wote kama hatujawahi kuona kuku. Mama akayaokota, akayafuta kwa upindo wa gauni, akayarudisha.

"Bado hayajanizoea," akasema. "Na wewe mkwe, acha kunichekesha."

Kesho yake asubuhi Magego akaja dukani kwangu, ndipo aliponipa habari za mlimani. Alikuja kutafuta msasa. Nikampa. Akauweka kando mwenyewe. Msasa unapunguza, na yale meno yalitaka kujazwa. Akazunguka rafu zangu, akashika gundi ya viatu akairudisha, akashika simenti, nikamwambia shemeji hapana. Mwisho akachukua mishumaa sita.

Akaiyeyusha kwenye kikombe, akaikanda kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ikawa laini, akamkalisha mama dirishani penye mwanga. "Mama, fungua mdomo." Akafungua. Yule mtu ametazama midomo ya watu elfu, hutania huku akitazama, hupiga mluzi. Siku hiyo nilimshikia kikombe, na neno lake kwangu lilikuwa "sogeza" tu. Kipimo cha kwanza kikapasuka kikitoka. Cha pili kilitoka kimevutika kama tambi. Cha tatu kilitoka na alama za vidole vyake, na si kingine. Mshumaa ni wa kuwasha, si wa kupimia. Mama mdomo ulikuwa umeiva kwa joto na machozi yanamtoka, lakini alikaa wima, mikono magotini, kama mtoto anayechanjwa.

"Jaribu tena," akasema. "Mimi sina haraka."

"Basi, mama," Magego akasema. "Inatosha."

Mchana tukala pamoja, mara ya kwanza baada ya miezi minane. Mama alitaka mwenyewe. Alikaa mezani, meno ndani, kidole cha shahada kimeshikilia ya juu kama anafikiri jambo. Wali laini, na nyama iliyochemshwa mpaka ikasahau kama ilikuwa nyama. Akaweka kijiko mdomoni, akatikisa taya mara mbili tatu, akameza. Akameza kama unavyomeza kidonge. Nyama nayo, nzima. Alikula vijiko vinne, akimtazama mwanawe kila kijiko, na mwanawe akimwambia, "Ehe, mama, ndivyo." Kisha akasema ameshiba, akaenda kulala na meno mdomoni.

Magego akatoka uani kufunga mzigo. Mke wangu akatoka nyuma yake, na mimi nikatoka nyuma ya mke wangu, maana naijua sauti ya kandambili zake.

"Unakwenda wapi?"

"Kuleta unga wa kupimia. Nitarudi."

"Lini?"

Akatazama juu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa mlimani. Mvua zikishika, ule ukingo uliomeguka hakuna anayeupita, hata mbuzi, na basi nalo hulala matopeni, mpaka zikatike.

"Haya, mpakie nyuma ya pikipiki," mke wangu akasema, akijua anasema upuuzi. "Mfunge kwa kamba, umpeleke ukampime."

"Dada."

"Usiniite dada. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshamlainisha. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza yule daktari wa hospitali ni mwanamke au mwanaume. Nikamwambia mwanamke. Akasema afadhali. Afadhali, alisema! Nimebakiza kumvalisha viatu tu. Leo asubuhi namkumbusha, ananiambia niende wapi, nina meno, mwanangu kaniletea."

Magego akawa anakaza kamba ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Anameza nyama nzima kwa ajili yako. Kwako ni mlima mmoja tu, unapanda unashuka. Mimi ndiye nitakayekaa naye. Sasa ingia humo ndani umwambie. Akiambiwa na mimi atasema nina wivu. Wewe ndiye fundi. Mwambie hayo meno hayafai, umwambie aende hospitali."

"Amelala."

"Hajalala. Mtu aliyelala hashikilii meno kwa kidole."

Dirisha la mama lilikuwa wazi, pazia limevutwa nusu. Nilitaka kuchomeka neno, utani wowote, niwaokoe wote wawili. Nikatafuta, nikakosa. Mimi!

Mke wangu akashusha sauti. "Utamwambia wewe, mdogo wangu, au nimwache aendelee kumeza?"

Magego akavaa helmeti. Akateremsha kioo. Akaondoa stendi kwa mguu, taratibu, isilie mama akasikia, akaipeleka Bibi Harusi kwa mkono mpaka getini, akapita geti, akaendelea kuisukuma kwenye mteremko. Tukasimama pale tukisubiri kusikia injini. Kona ya kwanza hakuwasha. Ya pili hakuwasha. Kwenye ya tatu, ndipo barabara inapoanza kupanda, tulimwona bado anaisukuma.